Pesa imekatwa, ujumbe haujaja: programu ya kutegemewa ni ipi?

Mwisho wa mwezi ukifika, au shule zikikaribia kufunguliwa, jibu ni moja kuanzia Kampala hadi Arua: sistimu iko chini. Karani wa benki anakwambia hivyo, wakala wa mobile money anakwambia hivyo, na keshia wa duka la dawa naye anakwambia hivyo huku akitazama pembeni. Unaondoka, unarudi jioni, unaambiwa imerudi. Usiku watu wanaanza kubishana mitandaoni. Mmoja anasema kosa ni la minara, mwingine anasema ni wizi mtupu, wa tatu anailaumu serikali, na hakosekani mjuaji wa kusema kwamba kompyuta haikosei, mteja ndiye aliyebonyeza vibaya. Mabishano hayo hayaishi kwa sababu kila mmoja anazungumzia tatizo lake, na matatizo yote yamepewa jina moja.

Tuyatenganishe. Programu ni yale maagizo yanayoiambia simu au kompyuta ifanye nini. Seva ni kompyuta ya kampuni inayotunza kumbukumbu zote. Salio lako la mobile money liko huko, halimo ndani ya simu wala kwenye laini. Sistimu ni mkusanyiko mzima: programu, seva, nyaya, minara, umeme, na watu wanaovisimamia. Na kutegemewa? Programu ya kutegemewa ni ile inayofanya ilichoahidi kila inapotakiwa, na isipoweza, inakwambia wazi kwamba imeshindwa bila kukuachia hasara. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiria nusu ya kwanza tu. Kwangu mimi nusu ya pili ndiyo nzito zaidi, kwa sababu hakuna programu isiyoanguka, iwe ya Kampala, ya Nairobi au ya California.

Kwa hiyo unaposikia kwamba sistimu iko chini, jiulize ni lipi kati ya haya limetokea. Huenda huduma haipatikani kabisa: unabonyeza, hupati jibu. Huenda inapatikana lakini inatoa majibu ya uongo: salio si lile. Huenda ilifanya kazi vizuri jana, na leo kumbukumbu za jana hazipo. Au imeanguka, na wenyewe hawajui namna ya kuiinua upesi. La kwanza linaudhi. La pili na la tatu yanafilisi watu.

Laki mbili ziko wapi?

Tuanze na panapouma. Simama kwenye kibanda cha wakala pale Busia siku yenye watu wengi. Ndani kuna meza nyembamba, simu mbili ndogo za vitufe zilizokazwa kwa raba, na daftari lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Mama mmoja anataka kutoa shilingi 200,000. Wakala anaanzisha muamala kwenye simu yake, menyu inamtokea mama kwenye simu ya kwake, anaingiza namba ya siri, anabonyeza. Skrini inatulia kidogo, kisha inaandika kwamba muunganisho umeshindikana. Wakala hajapata ujumbe wowote. Mama anaangalia salio, limepungua. Foleni nyuma yake imeanza kuguna. Wakala hataki kutoa pesa ambayo hajaona ikiingia. Mama hataki kuondoka bila pesa ambayo ameona ikitoka. Wote wawili wana haki.

Hapo kuna mambo ambayo macho hayaoni. Ile menyu unayoifungua kwa *165# au *185# ni mazungumzo ya papo kwa papo kati ya simu na mtandao. Haihifadhiwi popote njiani. Yakikatika, yamekatika, na pia yana muda maalumu; ukichelewa kujibu au seva ikichelewa, mazungumzo yanafungwa hata kama kazi ndani inaendelea. Ujumbe wa SMS unapita njia nyingine kabisa. Wenyewe huhifadhiwa kwenye kituo cha mtandao mpaka simu ipatikane, ndiyo maana unaweza kufika sekunde mbili baadaye, au robo saa baadaye, wakati mwingine miwili kwa pamoja. Kwa hiyo menyu inaweza kufa huku muamala umepita, na ujumbe unaweza kuchelewa huku pesa imeshafika.

Menyu si pesa na ujumbe si pesa. Pesa ni mistari kwenye daftari la hesabu lililo ndani ya seva: mstari mmoja unasema mama amepunguziwa 200,000, mwingine unasema wakala ameongezewa 200,000. Programu iliyotengenezwa sawasawa inaandika mistari yote miwili au haiandiki hata mmoja. Haikubali kuandika nusu, hata umeme ukizimika katikati ya kazi. Hiyo ndiyo sababu wakala mzoefu haangalii ujumbe, anaangalia salio lake la floti, yaani pesa yake ya kazi iliyo kwenye akaunti ya wakala. Likiwa limepanda, anatoa pesa, ujumbe utakuja wenyewe. Tabia hiyo humkinga pia na matapeli wanaotuma ujumbe wa kughushi unaofanana neno kwa neno na ule wa kampuni.

Ugumu unazidi pesa inapovuka kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kwa mfano kutoka benki kwenda kwenye simu, au kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Hapo madaftari ni mawili, kila moja kwenye seva yake, na hakuna anayeweza kuandika kwenye daftari la mwenzake. La kwanza limeshaandika kutoa, la pili bado halijaandika kupokea. Katikati yake pesa inawekwa kwenye akaunti ya kungojea mpaka pande mbili zilinganishe hesabu. Unapoambiwa usubiri saa kadhaa, mara nyingi ndicho kinachosubiriwa. Mara nyingine, tusidanganyane, ni mtu tu hajafungua lalamiko lako.

Kuna swali ambalo hunirudia kila mada hii inapozuka: kwa nini simu isiseme tu kama imefaulu au imeshindwa? Jibu lake ni la ajabu kidogo. Umemtuma mtoto dukani na noti ya shilingi 5,000 akalete sukari. Nusu saa imepita, hajarudi. Huenda hakufika dukani kabisa. Huenda alifika, akanunua, na amenaswa na mpira wa watoto wenzake njiani akirudi. Wewe uliyekaa nyumbani huwezi kutofautisha hali hizo mbili, kwa sababu zote zinaonekana vilevile: mtoto hayupo. Ukimtuma mdogo wake na noti nyingine, unaweza kupata sukari mara mbili. Usipomtuma, unaweza kunywa chai bila sukari. Simu yako isipopata jibu kutoka kwenye seva iko katika shaka hiyo hiyo. Wataalamu wa kompyuta walikwishaonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba shaka hiyo haiondoki kwa kutuma ujumbe mwingi zaidi, maana hata ujumbe wa kuthibitisha nao unaweza kupotea.

Lakini inaweza kukwepwa. Mpe mtoto karatasi yenye namba: oda 17. Akichelewa, mpe mdogo wake karatasi yenye namba ile ile. Mwenye duka akiona 17 kwa mara ya pili hauzi tena, anasema hii nimeshaitoa. Sasa unaweza kutuma watoto kumi na bado ukatozwa mara moja. Programu nzuri za malipo hufanya hivyo: muamala unapewa namba yake tangu mwanzo, na ombi likirudiwa kwa namba hiyo seva inajua ni lile lile. Zile mbaya hazifanyi, na ndizo zinazowakata watu mara mbili.

Hapa ndipo penye kosa tunalolifanya wengi. Menyu ikikatika, tunapiga upya kuanzia mwanzo. Kwa seva, huko si kurudia. Umeandika oda 18. Ina namba mpya na ina haki zake zote, na ikipita, itakatwa. Kwa hiyo ushauri wa foleni usemao "bonyeza tena, ikigoma bonyeza tena" ni mbaya. Angalia salio kwanza, kisha orodha fupi ya miamala ya karibuni. Kama salio halijapungua, rudia. Kama limepungua, usirudie. Chukua namba ya muamala na uanze kulalamika. Baadhi ya mitandao itakuonya kwamba umetuma kiasi kile kile kwa mtu yule yule dakika chache zilizopita na kukuuliza kama una uhakika. Onyo hilo linaonekana kama usumbufu. Aliyeliweka alikuwa anafikiri vizuri.

Mita ya Yaka na dakika zilizokwisha

Nchini Uganda tuna mfano mmoja mzuri mno wa programu ya kutegemewa, na uko ukutani mwa nyumba nyingi za mijini. Mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, haihitaji intaneti. Unalipa, unapata tarakimu 20 ziitwazo tokeni, unaziingiza kwa kidole, taa inawaka. Ndani ya tarakimu hizo kuna siri iliyofungwa kwa ufunguo wa mita yako: idadi ya uniti ulizonunua, na dakika ambayo tokeni ilitengenezwa. Mita inakumbuka tokeni ilizokwisha kuzipokea. Ukiingiza ile ile mara ya pili inaikataa, hata uifiche kwa jirani kwa mwezi mzima. Ni ile karatasi ya oda 17, ila hapa mwenye duka ni kiboksi cha plastiki kisicho na mawasiliano na mtu yeyote. Na kwa kuwa tokeni ni ya mara moja tu, kampuni haina cha kuogopa ikikutumia tena tarakimu zile zile ujumbe wa kwanza ulipopotea.

Sasa hiyo dakika. Mfumo huu wa tokeni ulianzia Afrika Kusini na unatumika katika nchi nyingi. Waliouunda waliamua kuhesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na wakatenga nafasi ya kuandika namba isiyozidi dakika 16,777,216. Wakati ule ilionekana kama milele. Piga hesabu: ni karibu miaka 32. Dakika ya mwisho iliangukia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita ambayo haijaandaliwa ingeiona kila tokeni mpya kama karatasi ya kale iliyokwisha muda wake, na ingeikataa. Si Kampala tu. Kila nchi yenye mita za aina hiyo ilikuwa inaelekea tarehe moja.

Dawa yake ilikuwa kuipa kila mita tokeni maalumu za kubadilisha ufunguo. Hizo zinafuta kumbukumbu ya zamani na kusogeza mwanzo wa hesabu hadi 2014. Ndiyo maana kabla ya Novemba 2024, wateja wa Umeme, kampuni iliyosambaza umeme wakati huo, walioomba tokeni ya kawaida walipewa safu za tarakimu zaidi ya moja na kuambiwa waziingize zote kwa mpangilio kabla ya ile ya uniti. Si ajabu kwamba watu walishuku. Mtu akikuletea tarakimu 60 pale ulipozoea 20, bila kukueleza, utafikiri anataka kukupandishia bei kimya kimya. Ukweli ni kwamba uniti zilizokuwamo hazikuguswa, na hata kwa aliyechelewa, zilizobaki ziliendelea kuwaka. Kilichogoma ni kununua mpya.

Nimeukalia mfano huu kwa sababu unaonyesha kutegemewa kulivyo kwa kweli. Kasoro ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na wajuzi waliijua. Haikuzuiwa kwa kuandika programu isiyo na kikomo. Ilizuiwa kwa watu kuweka tarehe kwenye kalenda, kuandaa dawa, kuituma nyumba kwa nyumba kwa njia ya SMS, na kuvumilia matusi ya wateja. Siku yenyewe ilipopita, hakuna aliyepiga simu redioni kusema mita yake imekubali tokeni. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme umetoka kwa kampuni ya Umeme na kwenda UEDCL, kampuni ya serikali, kwa hiyo kazi ijayo ya namna hii ni yao: hesabu iliyoanzia 2014 itafika mwisho mwaka 2045. Mwenye mtoto wa shule ya msingi leo amwambie.

Asilimia 99 ni nyingi kiasi gani?

Kampuni zinapenda kutangaza kwamba huduma yao inapatikana kwa asilimia 99. Kwenye mtihani hiyo ni alama ya kumfanya mzazi achinje mbuzi. Kwenye programu ni alama ya wastani, na kwa malipo ni mbovu. Asilimia moja ya mwaka ni siku tatu na zaidi ya saa 15. Asilimia 99.9 ni kama saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Asilimia 99.99 ni dakika 52. Kila tisa inayoongezwa inapunguza muda wa kuanguka mara kumi, na kila tisa ni ghali kuliko iliyotangulia, maana inadai seva ya pili, kisha jenereta ya pili, kisha waya unaopita barabara nyingine, kisha mtu wa kukesha.

Tena asilimia haisemi ni lini. Saa nane za kuanguka usiku wa manane zikigawanywa mwaka mzima hakuna atakayezijua. Saa nane hizo hizo siku ya mwisho ya kulipa ada, mtoto anarudishwa nyumbani.

Halafu kuna hesabu ya mnyororo, ambayo huwashangaza hata watu wa ofisini. Malipo yako ya ada yanapita kwenye simu, mtandao, kampuni ya kati inayounganisha mitandao na benki, benki yenyewe, na programu ya shule. Ni hatua tano. Kila moja ikitegemewa kwa asilimia 99, huduma nzima haiko kwenye 99. Unazidisha, unapata kama 95. Asilimia tano ya mwaka ni siku 18. Kila kampuni katika mnyororo huo inaweza kuapa mbele ya mkutano wa wazazi kwamba imetimiza ahadi yake, na isiwe imesema uongo.

Na mara nyingi pete dhaifu ni ile usiyoijua jina. Mwanzoni mwa Oktoba 2020, MTN, Airtel na benki ya Stanbic walitoa tamko la pamoja kwamba tukio kwenye mfumo wa mtoa huduma wa tatu limegusa miamala kati ya benki na mobile money, na huduma hizo zikasimamishwa. Watu wengi siku hiyo ndipo walipotambua kwamba kati ya benki yao na simu yao kuna mtu mwingine.

Nyaya nazo zina yake. Uganda haina pwani. Intaneti yetu inapanda kutoka baharini kupitia Kenya na Tanzania. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaenda kwa mwendo wa kinyonga. Kilichowachanganya watu ni kuona programu moja imekufa na nyingine inapeta. Sababu ni mahali seva ilipo. Programu yenye ofisi Kampala inaweza kuwa imekodi seva Ulaya. Ombi lako linavuka bahari na kurudi hata kama unamlipa muuza duka aliye hatua kumi kutoka kwako. Menyu ya nyota haihitaji intaneti ya simu yako hata kidogo. Kwa hiyo kununua bando kubwa zaidi ili mobile money isikwame ni kutupa pesa.

Kompyuta haikosei?

Dhana hii ndiyo hatari kuliko zote, na Uingereza iliilipia kwa gharama ya maisha ya watu. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la huko lilisambaza kwenye matawi yake programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotoka kwa kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi yaliendeshwa na wenye maduka madogo, watu wa mtaani. Programu ikaanza kuonyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Mkataba uliwataka wenye tawi wafidie, na waliposhindwa wakashtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Kwa miaka mingi walipouliza kama kuna wengine wenye shida hiyo, baadhi waliambiwa ni wao peke yao. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Mahakama Kuu ilikubali mwezi Desemba 2019 kwamba programu ile ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo.

Angalia kwamba Horizon haikuwa chini. Ilipatikana kila asubuhi, ikafunguka, ikapokea kazi, ikatoa ripoti safi. Ilikuwa inakosea kwa kujiamini, na sheria ya kule ilikuwa inachukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mwenye duka angethibitishaje, na kumbukumbu zote ziko kwa mshtaki?

Wakala wetu wa Busia yuko karibu sana na mtu huyo. Hesabu zikipelea jioni, anazifidia mwenyewe au anakatwa na mwenye kibanda. Ndiyo maana sicheki ninapoona daftari la karatasi pembeni ya simu. Ni kumbukumbu ya pili, iliyoandikwa na mkono mwingine, isiyoweza kuharibika kwa kosa lile lile. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 inamtaka anayeleta rekodi ya kielektroniki mbele ya mahakama athibitishe uhalisi wake. Hiyo ni afadhali kwa wakala, ila itamfaa tu akiwa na cha kulinganisha nacho.

Sasisho, rafiki au adui?

Nalipitia hili kwa kifupi. Wapo wanaokataa kusasisha programu kwa hoja kwamba sasisho huharibu. Wana ukweli nusu: programu isiyoguswa huanguka mara chache, na mianguko mingi mikubwa hutokana na mabadiliko. Tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili lenye kasoro kwa wateja wake duniani. Waliliondoa baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshazimika na skrini ya buluu. Viwanja vya ndege vikarudi kuandika kwa kalamu. Kosa la kuandika faili baya linaweza kumpata yeyote. Kilichoniudhi ni kulituma kwa wote kwa mpigo, badala ya wachache kwanza, wangoje, kisha wengine. Na kuinua kompyuta nyingi kulihitaji mtu aende ashike kibodi.

Karibu miaka mitatu kabla, tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp ilipotea dunia nzima kwa takriban saa sita, pamoja na Facebook, ambayo hapa Uganda ilikuwa imefungwa tangu Januari mwaka huo. Amri ya matengenezo ya wenyewe ilifuta njia zinazoelekeza intaneti ifike kwao, na mafundi wakachelewa kuirudisha kwa sababu vifaa vyao vya kurekebishia vilitegemea mtandao ule ule. Kwetu jambo hili tunalijua kwa jina jingine: laini imepoteza mtandao, na namba ya huduma kwa wateja unatakiwa kuipiga kwa laini hiyo hiyo.

Lakini kutosasisha si kinga. Sasisho nyingi huziba matundu ya wezi, na simu iliyoachwa miaka mitatu ndiyo wanayoitafuta. Washa sasisho, subiri siku mbili tatu kama ni simu unayofanyia biashara, ila usiache kabisa.

Kiasi gani kinatosha?

Si kila programu inahitaji kutegemewa sawa. Programu ya kuhariri picha ikijifunga, unacheka na kufungua upya. Mchezo wa simu ukipoteza alama za mtoto, kutakuwa na kilio cha dakika tano. Mfumo wa EFRIS wa mamlaka ya mapato, URA, ukigoma, mfanyabiashara anaweza kushindwa kumpa mteja risiti inayotambuliwa, na mkopo wa serikali wa ngazi ya parokia ukichelewa kwenye simu, msimu wa kupanda haungoji. Kipimo ninachotumia ni rahisi: ikianguka leo, nani anabeba hasara? Kama anayebeba ni kampuni yenyewe, itajirekebisha bila kusukumwa. Kama anayebeba ni mteja au wakala, lazima awepo wa kuisukuma. Kwa mobile money, tangu Sheria ya Mifumo ya Kitaifa ya Malipo ya mwaka 2020, msukumaji huyo ni Benki Kuu ya Uganda. Lalamiko lako lianzie kwa kampuni, kwa maandishi, pamoja na namba ya muamala. Lisipojibiwa, peleka huko.

Ninawafikiria zaidi viongozi wa SACCO na wahasibu wa shule, ambao siku hizi hutembelewa na vijana nadhifu wenye kompyuta mpakato wakiuza programu za kusimamia akiba na ada. Maonyesho huwa mazuri, rangi zinapendeza, ripoti inatoka kwa kubonyeza mara moja. Acha aonyeshe, kisha mwombe achomoe waya wa intaneti katikati ya kuingiza malipo ya mwanachama, na muangalie pamoja kinachobaki kwenye hesabu. Muulize nakala ya akiba ya kumbukumbu inawekwa wapi, maana nakala iliyo kwenye kompyuta ile ile itaibiwa pamoja nayo. Muulize kosa likigunduliwa, nani anaweza kulisahihisha, na kama sahihisho hilo linaacha alama ya jina na saa au linafuta tu kimyakimya. La mwisho ndilo huwatoa jasho: mara ya mwisho mlijaribu lini kuirudisha nakala hiyo kwenye kompyuta tupu, na ilichukua saa ngapi? Akikwambia wanahifadhi nakala kila siku, hajajibu swali. Muulize tena.